Kisa cha Quinn Meinerz: kutoka Divisheni ya 3 hadi raundi ya tatu ya drafti, bila msimu wa mwisho

Ijumaa ya tarehe 30 Aprili 2021, jijini Cleveland, Denver Broncos walimchagua Quinn Meinerz akiwa namba 98 katika drafti ya NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli ya Kimarekani. Drafti ni zoezi la kila mwaka ambapo timu huchagua kwa zamu wachezaji wanaotoka vyuoni. Alitoka Chuo Kikuu cha Wisconsin-Whitewater, kinachocheza Divisheni ya 3, ngazi ya chini kabisa ya michezo ya vyuo chini ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani. Mara ya mwisho kucheza mechi ya ushindani ilikuwa Desemba 2019. Msimu wake wa mwisho chuoni ulifutwa wote kwa sababu ya UVIKO-19.

Hapo ndipo kisa hiki kinapokuwa na faida. Kwa kawaida mchezaji wa chuo kidogo akichaguliwa, kila mtu hutaja mabao, rekodi na tuzo za msimu wa mwisho, na huwezi kujua ni kipi hasa kilichoishawishi timu. Kwa Meinerz msimu haukuwepo, kwa hiyo kilichobaki kinaonekana wazi: video za zamani, mwili, kazi ya miezi kadhaa ya mazoezi, wiki moja ya majaribio na siku moja ya vipimo. Kwa maoni yetu, alichaguliwa kwa sababu alitengeneza ushahidi ambao skauti, yaani mtafuta vipaji wa timu, angeweza kuuweka meza moja na ushahidi wa mchezaji wa vyuo vikubwa kama Alabama au Ohio State. Uwezo alikuwa nao tangu zamani. Kilichokosekana ni kitu cha kulinganisha.

Nafasi ilikuwa ndogo kiasi gani

Drafti ina raundi saba na timu 32. Ukijumlisha na chaguo za nyongeza ambazo ligi huzipa timu zilizopoteza wachezaji, mwaka 2021 walichaguliwa wachezaji 259. Kwa hesabu za NCAA yenyewe, kila mwaka wanaofikia sifa za kuchaguliwa ni takriban 16,000 kutoka divisheni zote, na wanaochaguliwa ni karibu 1.6 kwa kila 100. Lakini wastani huo unaficha mambo. Sehemu kubwa sana ya waliochaguliwa hutoka kwenye vyuo kama 130 vya ngazi ya juu ya Divisheni ya 1. Divisheni ya 3 ina vyuo karibu 240 vinavyocheza futiboli, na kuna miaka ambayo hakuna hata jina moja linalotajwa.

Fedha ndiyo inayotenganisha ngazi hizi. Wakati wa Meinerz, chuo cha ngazi ya juu kiliruhusiwa kutoa skolashipu 85 za futiboli. Ngazi inayofuata ndani ya Divisheni ya 1 ilikuwa na skolashipu 63 za kugawana, Divisheni ya 2 ilikuwa na 36, na Divisheni ya 3 haina hata moja ya michezo. Mchezaji wa Whitewater analipiwa na familia yake, au anapata msaada wa kifedha ule ule anaopata mwanafunzi mwingine yeyote. Kwa hiyo wenye miili mikubwa na kasi huwa wameshanyakuliwa juu wakiwa bado sekondari, na skauti anajua hivyo. Akisikia jina la mtu wa Divisheni ya 3, swali lake la kwanza ni kwa nini makocha wote wa ngazi za juu walimpita.

Kuna kikwazo kingine kisichozungumzwa sana: ratiba ya skauti. Timu nyingi za NFL hujiunga na moja ya huduma mbili za pamoja za uskauti, BLESTO na National. Majira ya kuchipua, mwaka mmoja kabla ya drafti, huduma hizi hupima na kuwapa alama wachezaji watakaokuwa mwaka wa mwisho. Orodha hiyo ndiyo inayomwambia skauti wa kanda aende wapi kuanzia Agosti. Huyu ni mtu mmoja mwenye majimbo kadhaa na vyuo kadhaa kwa wiki. Chuo ambacho hakina mtu mwenye alama kwenye orodha hakipati hata nusu siku. Mchezaji asiyeingia kwenye orodha Mei hulazimika kumlazimisha skauti kugeuza gari Oktoba. Mwaka 2020 hapakuwa na mechi za Whitewater za kwenda kutazama hata kama gari lingegeuzwa.

Alichokuwa nacho mkononi

Meinerz ni mtoto wa Hartford, Wisconsin, mji mdogo kaskazini-magharibi mwa Milwaukee. Akiwa sekondari alicheza futiboli na mieleka. Jambo la mieleka si la kupita juu juu, kwani maskauti wa safu ya mbele huliuliza mapema kabisa. Mwanamieleka amezoea kushusha nyonga chini ya nyonga za mwenzake, kuhisi uzito wa mtu unaelekea wapi, na kurudisha mguu mahali pake akiyumbishwa. Hayo ndiyo maisha ya mtu wa safu ya mbele.

Safu ya mbele ya ushambuliaji ina watu watano. Katikati yupo senta, anayeanzisha mchezo kwa kurudisha mpira nyuma kati ya miguu yake. Kila upande wake yupo gadi mmoja. Pembeni kabisa wapo matakeli wawili. Kazi yao ni kumlinda kwotabeki, mchezaji anayeongoza ushambuliaji, anapotaka kurusha mpira na kufungua njia kwa mkimbiaji. Hawafungi, hawana takwimu zinazoonekana gazetini. Meinerz alikuwa gadi wa kushoto.

Whitewater nayo si chuo kidogo cha kawaida. Ilitwaa ubingwa wa taifa wa Divisheni ya 3 mara sita kati ya 2007 na 2014 chini ya kocha Lance Leipold, ambaye baadaye alipanda hadi Divisheni ya 1. Mwaka 2019, Meinerz akiwa mwaka wa tatu, walifika tena fainali wakafungwa na chuo cha North Central 41–14. Programu ya aina hii ina makocha ambao simu zao hupokelewa na watu wa NFL, na mechi zake za Novemba na Desemba ni dhidi ya vyuo bora vya divisheni hiyo. Mchezaji yule yule katika chuo kinachopoteza mechi nane kwa msimu angeanzia mbali zaidi.

Kisha video. Wazazi na makocha wengi wa vyuo vidogo hukosea hapa. Hutengeneza mkusanyiko wa dakika nne wa vipande vitamu, wenye muziki, wakautuma kila mahali. Skauti wa safu ya mbele hana kazi nao. Anataka mechi nzima, mbili au tatu, kila mchezo kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na pembe mbili: ya pembeni inayoonyesha watu wote 22, na ya nyuma ya goli inayoonyesha mikono na miguu ya watu wa safu. Vyuo vidogo mara nyingi hukosa ya pili, au kamera inashikwa na mwanafunzi anayefuata mpira badala ya kubaki imetulia. Gadi ambaye hana pembe ya nyuma ya goli hana video.

Akishaipata, skauti anakata na anabakiza. Anakata chochote kinachotokana na udhaifu wa mpinzani. Meinerz akimsukuma mtu wa kilo 105 hatua sita nyuma, hizo hatua sita hazihesabiwi, kwa sababu NFL atakutana na mtu wa kilo 140. Anachobakiza ni vile ambavyo havitegemei mpinzani: je, mikono inatua ndani ya kifua cha mpinzani au nje ya mabega, je, mguu wa pili unagusa chini kabla ya mgongano, je, kichwa kinatangulia magoti, yaani anaanguka mbele badala ya kukaa chini, je, baada ya mpira kwenda mbali bado anaendelea kusukuma hadi filimbi. Pia anaangalia uwiano wa ushindi. Katika Divisheni ya 3, mtu wa kuchaguliwa hatakiwi kushinda michezo sita kati ya kumi. Anatakiwa kushinda karibu yote, na kwa namna inayotia huruma kwa aliye mbele yake. Video za Meinerz za 2019 zilikuwa hivyo. Zilitosha kuwafanya watu waulize. Hazikutosha kuwafanya waamini.

Mwaka bila mechi

Msimu wa vuli wa 2020 ulipofutwa, NCAA iliwaruhusu wachezaji wasipoteze mwaka wao. Meinerz angeweza kurudi Whitewater vuli ya 2021, acheze, kisha aingie drafti ya 2022. Uamuzi huu una pande mbili halali, na anayesema jibu lilikuwa wazi anasema akijua yaliyotokea baadaye. Kurudi kungempa video mpya, lakini dhidi ya wapinzani wale wale ambao skauti tayari alikuwa anawakata. Kungemwongezea mwaka mmoja wa umri, na timu zinahesabu umri. Kwenda kulimaanisha kusimama mbele ya NFL akiwa na pengo la miezi zaidi ya 12.

Alichagua kwenda, lakini kwanza alijaza pengo. Sehemu inayojulikana zaidi ni ile ya msituni: familia ina kambi Kanada, na huko, jimu zikiwa zimefungwa, alifanya mazoezi kwa magogo na kwa kusukuma miti iliyosimama. Video hizo zilisambaa sana na zilimsaidia kujulikana. Kwa ufundi kuna kitu cha kweli ndani yake, kwa kuwa mti haurudi nyuma, na anayeusukuma akiwa na nyonga juu na miguu imenyooka anahisi papo hapo kwamba nguvu inaishia mgongoni. Lakini si miti iliyompeleka raundi ya tatu.

Kilichobadilisha bei yake ni kujifunza usenta, nafasi ambayo hakuwa ameicheza katika mechi za chuo. Sababu yake ni hesabu ya siku ya mechi. Timu ya NFL ina wachezaji 53, lakini si wote wanaovaa jezi siku ya mchezo. Kwa mkataba wa ligi na wachezaji wa 2020, timu inaruhusiwa kuvalisha 48 endapo angalau wanane ni wa safu ya mbele. Watano wanaanza, wanabaki watatu wa akiba kwa nafasi tano. Kwa hiyo kila mmoja wa akiba lazima afunike zaidi ya nafasi moja, na angalau mmoja lazima awe na uwezo wa kuanzisha mpira, maana senta akiumia dakika ya pili bila mbadala, ushambuliaji mzima unaharibika. Gadi tupu kutoka Divisheni ya 3 ni mtu wa raundi ya sita, au wa kualikwa bila kuchaguliwa. Gadi anayeweza kuwa senta anakuwa jibu la tatizo ambalo kocha anajua atalipata Oktoba.

Kuanzisha mpira kunaonekana rahisi hadi ujaribu. Siku hizi kwotabeki husimama mara nyingi mita nne na nusu hivi nyuma. Senta anaushika mpira sehemu ya mbele, anaurudisha kwa mkono mmoja bila kuangalia, na unatakiwa ufike kati ya kiuno na kifua cha kwotabeki kila mara, kwa mwendo ule ule, kwa sababu muda wa hatua zake umepangwa kwa mwendo huo. Wakati huo huo kuna mtu wa kilo 140 umbali usiozidi urefu wa mpira. Makosa ya anayeanza yanafanana. La kwanza ni kuinua nyonga kabla mkono haujaachia, na mpira unaruka juu. La pili ni kuchelewesha hatua ya kwanza hadi mpira utoke. Senta mzuri anafanya vyote pamoja, mkono ukirudi nyuma mguu unakwenda mbele. La tatu ni mkono wa pili: gadi amezoea kugonga kwa mikono miwili, senta ana mmoja tu kwa sehemu ya kwanza ya mgongano, na asipoufundisha mkono huo peke yake atasukumwa kabla hajaleta wa kwanza. Halafu kuna jasho. Mpira mkavu wa mazoezi ya asubuhi na mpira uliolowa wa robo ya nne ni vitu viwili tofauti. Tiba ya yote haya ni marudio tu, mamia kwa wiki, kwanza bila mtu mbele, kisha na mtu asiyesukuma, kisha na anayesukuma, na mwisho ukiwa umechoka.

Na bado hiyo ni nusu ya kazi. Senta ndiye anayesoma ulinzi na kuwatangazia wenzake wanne nani anamchukua nani. Hilo huwezi kulifanyia mazoezi na miti. Linafanywa kwa daftari, video na ubao.

Mobile

Mwaliko wa Senior Bowl ndio uliofungua mlango. Ni mechi inayochezwa Mobile, Alabama, tangu 1951, wakati huo ikiwa ya wachezaji wa mwaka wa mwisho tu, lakini mechi yenyewe ya Jumamosi ina uzito mdogo. Uzito uko kwenye mazoezi ya siku tatu kabla yake, ambayo timu zote 32 huyatazama na kupata video zake. Makocha ni wa NFL. Kwa mara ya kwanza mchezaji wa Divisheni ya 3 anapambana, mmoja kwa mmoja, na walinzi wa vyuo vikubwa, kwenye kamera zile zile na mbele ya macho yale yale. Kukata kwa skauti kunakoma hapo.

Mwaka 2021 wiki hiyo ilikuwa na thamani kuliko kawaida. Kambi ya vipimo ya NFL huko Indianapolis, inayoalika zaidi ya wachezaji 300 kwa mwaka wa kawaida, ilifutwa upande wa mazoezi. Ziara za wachezaji kwenye makao ya timu zilizuiwa. Mobile ikawa karibu mahali pekee ambapo timu zilimwona mchezaji akigongana na mtu.

Zoezi la mmoja kwa mmoja la safu ya mbele linampendelea mlinzi anayejaribu kumpita ili amfikie kwotabeki. Ana nafasi nzima ya kwenda kushoto au kulia, na mtu wa safu hana jirani wa kumsaidia. Skauti mzoefu hahesabu ushindi na kushindwa peke yake. Anaangalia mzunguko wa pili. Mtu aliyepigwa kwa mbinu fulani Jumanne, je, Jumatano mbinu hiyo inampiga tena? Meinerz alicheza gadi na senta wiki hiyo, kitumbo kikiwa nje chini ya jezi fupi, na picha hiyo ndiyo iliyomfanya apendwe na mashabiki. Kilichowashika maskauti ni jinsi alivyotua baada ya mgongano wa kwanza: aliposukumwa nyuma alikaa chini, akarudisha nyonga, akamsimamisha mpinzani. Mieleka hiyo. Na mpira kutoka mikononi mwake ulifika, jambo ambalo kwa mtu asiye na mechi hata moja ya usenta chuoni lilitosha kubadilisha mstari kwenye ripoti.

Alipoondoka Mobile hakuwa tena mchezaji wa kuvutia kutoka chuo kidogo. Alikuwa na siku tatu za video dhidi ya watu ambao nao wangechaguliwa.

Vipimo

Baada ya hapo namba zilikuwa za kuthibitisha. Katika vipimo vya Machi 2021 alikuwa na urefu wa karibu mita 1.90, kilo 145, mikono ya inchi 33 na ushei. Alikimbia yadi 40, sawa na mita 36.6, kwa sekunde 4.99. Alinyanyua chuma cha kilo 102 akiwa amelala kwenye benchi mara 33, na akaruka wima inchi 32.

Mtu wa safu ya mbele hakimbii yadi 40 kwenye mechi, na wengi hudharau kipimo hicho kwa sababu hiyo. Timu zinaangalia yadi kumi za kwanza, kwani hapo ndipo mlipuko wa hatua za mwanzo unapopimwa. Kuruka wima kunapima kitu hicho hicho. Kwa mtu wa kilo 145, inchi 32 ni nyingi. Maana yake kwa Meinerz ni kwamba shaka ya kuwa alishinda Divisheni ya 3 kwa ukubwa tu iliondoka. Ana ukubwa, lakini pia ana kasi ya viungo ambayo ngazi ya juu inadai. Lazima tuseme wazi kwamba vipimo hivi peke yake, bila Mobile, visingemfikisha raundi ya tatu. Kila mwaka wapo vijana wa vyuo vidogo wenye namba kama hizi ambao hawachaguliwi, kwa sababu namba hazionyeshi mgongano.

Siku ya drafti

Kabla yake walishachukuliwa masenta kadhaa wa vyuo vikubwa: Landon Dickerson wa Alabama namba 37, Josh Myers wa Ohio State namba 62, Creed Humphrey wa Oklahoma namba 63. Denver walikuwa na namba 76 wakaiachia New Orleans, wakapewa 98 na 105. Kwa 98 wakamchukua Meinerz, kwa 105 wakamchukua Baron Browning wa Ohio State. Meneja mkuu George Paton alikuwa kwenye drafti yake ya kwanza Denver.

Tunaisoma namba 98 hivi: ni bei ya mtu wa raundi ya pili iliyokatwa kwa sababu ya chuo na pengo la msimu. Timu iliyokubali punguzo hilo ililipwa vizuri. Novemba 2021, Graham Glasgow alipoumia, Meinerz aliingia gadi wa kulia na kuanza mechi 9 katika msimu wake wa kwanza. Alishika nafasi hiyo. Julai 2024 alisaini nyongeza ya mkataba wa miaka minne yenye thamani ya hadi dola milioni 80, na msimu huo huo akachaguliwa kikosi cha kwanza cha wachezaji bora wa ligi. Usenta uliomuuza haukuwa kazi yake ya kudumu. Ulimfikisha kwenye timu, ugadi ukambakiza.

Kipi kinaweza kufuatwa, kipi hakiwezi

Tazama walioitangulia njia hii. Ali Marpet wa Hobart alichaguliwa na Tampa Bay mwaka 2015 akiwa namba 61, nafasi ya juu kuliko mchezaji mwingine yeyote wa Divisheni ya 3. Chuoni alikuwa takeli, NFL akawa gadi na kwa msimu mmoja senta. Ben Bartch wa Saint John's ya Minnesota alichaguliwa namba 116 mwaka 2020. Huyo alianza akiwa mpokeaji wa karibu na safu, akapandisha uzito kwa kinywaji alichokuwa anakisaga asubuhi: mayai saba, jibini laini kopo zima, uji wa mahindi, siagi ya karanga, ndizi na kinywaji cha wanamichezo. Wote watatu, Marpet, Bartch na Meinerz, ni watu wa safu ya mbele, wote walipita Mobile, na wote walitakiwa kubadilisha nafasi.

Si bahati kwamba ni safu ya mbele. Mwili wa kilo 140 unachelewa kukomaa. Kijana wa kilo 105 sekondari anaweza kupitwa na kila mtu, kisha akafika 140 akiwa na miaka 21. Mkimbiaji au beki wa pembeni mwenye kasi ya NFL huonekana akiwa na miaka 16, hivyo akiwa chuo kidogo kuna sababu nyingine: alama za darasani, jeraha au nidhamu. Wapo wanaopenya. Kyle Dugger, beki wa nyuma wa Lenoir-Rhyne ya Divisheni ya 2, alikuwa namba 37 mwaka 2020. Adam Thielen wa Minnesota State hakuchaguliwa kabisa mwaka 2013. Alilipa dola 275 kushiriki vipimo vya kanda vya ligi huko Chicago, akapata nafasi ya majaribio Minnesota Vikings, akaanzia kikosi cha mazoezi, baadaye akawa mmoja wa wapokeaji wakuu wa ligi. Malcolm Butler wa West Alabama naye hakuchaguliwa, na ndiye aliyenyaka pasi ya mwisho ya wapinzani katika Super Bowl, fainali ya NFL, ya Februari 2015. Kwa mpokeaji au beki wa chuo kidogo, njia ya baada ya drafti, yaani mwaliko wa kambi ya wapya na kupigania mojawapo ya nafasi 90 za kiangazi, ndiyo ya kujipangia kwanza.

Familia zinazozungumza Kiswahili zilizohamia Minnesota, Ohio au Texas sasa zina watoto kwenye timu hizi, na maswali yao ni ya fedha. Wakala aliyesajiliwa na chama cha wachezaji hawezi kuchukua zaidi ya asilimia 3 ya mkataba, na hulipwa mkataba unapolipwa. Anayedai ada mapema ili akutafutie timu si wa kumfuata. Mazoezi ya miezi miwili kabla ya vipimo ni ghali, na wakala anayekuamini kweli huyagharamia. Asipokuwa tayari, hiyo nayo ni taarifa kuhusu nafasi yako. Kambi za kulipia zinazojiita za maskauti ni nyingi. Kabla ya kutoa hela, uliza majina ya timu zitakazotuma mtu, kisha mwombe kocha wa chuo azipigie timu hizo athibitishe.

Kuna jambo moja ambalo limebadilika sana tangu kisa hiki. Kuanzia 2021 mchezaji anaweza kuhama chuo na kucheza mara moja bila kukaa nje mwaka mzima, na vyuo vikubwa vinaruhusu wachezaji kulipwa kwa jina na picha zao. Cam Ward alianzia Incarnate Word, akaenda Washington State, kisha Miami, akawa chaguo la kwanza kabisa la drafti ya 2025. Meinerz wa leo, baada ya fainali ile ya Desemba 2019, angepigiwa simu na vyuo vya juu kabla ya Krismasi. Anayepokea simu ya aina hiyo aulize mambo mawili kabla ya kuhama: nani yuko mbele yake kwenye nafasi hiyo, na kocha wa safu ana mkataba hadi lini. Kukaa benchi mwaka mzima chuo kikubwa kunamwacha bila video kabisa. Kubaki na kuanza mechi zote, akiwa na kamera ya nyuma ya goli na mwaliko wa Mobile au wa Shrine Bowl, mechi nyingine ya maonyesho ya aina hiyo, bado kunamfikisha kwenye meza ile ile. Mwaliko huo unaamuliwa zaidi na video za vuli, kwa hiyo mechi mbili nzima zenye pembe zote mbili ziwe mikononi mwa waandaaji mwishoni mwa Septemba.